WALINZI WA NJIA ZA ANGANI

(Maneno yaliyosemwa na mfanya kazi wa reli mbele ya wanachama na wageni wao, Kegonga. Yamechapwa hapa kwa ombi la tawi.)



Sisi ni watu wa reli, na reli haifiki Kegonga. Ilifika Kisumu mwaka 1901, na mpaka leo mtu wa Kuria atakaye kuliona gari la moshi hana budi kusafiri kulifuata. Kwa hiyo Katibu alipotuandikia kwamba tuje kusema habari za waongoza ndege, wenzetu kazini walicheka sana. Wakatuuliza, "Mmeacha reli lini mkawa watu wa eropleni?"

Lakini swali lenyewe lilitoka hapa hapa. Katika mkutano uliopita mtoto mmoja wa shule, aliyekuja na mama yake, alinyosha mkono akauliza: zile ndege zipitazo juu ya mahindi na tumbaku yetu, mchana na usiku, ni nani azigawiaye njia zisigongane? Wakubwa wakatazamana. Jibu halikupatikana, mtoto akakaa. Katibu akafikiri kwamba watu wa reli ndio walio karibu zaidi na jibu, maana kazi yetu na kazi ile ni ndugu wa baba mmoja. Naye hakukosea.

Hata nyumba ilikuwa moja zamani. Reli, bandari, posta, shirika la ndege la East African Airways lililoanza mwaka 1946, na idara ya kuangalia njia za angani, vyote vilikuwa chini ya kazi za pamoja za Kenya, Uganda na Tanzania. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ilichukua chake ikaenda nacho kwake. Kwetu Kenya kazi ya kuongoza ndege iko mikononi mwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, iliyoundwa mwaka 2002, na wanaoifanya hufundishwa katika shule ya urubani na usafiri wa anga ya Afrika Mashariki iliyoko Embakasi, Nairobi.

Sasa tuanze na tulijualo, ndipo tupande juu.

Reli yetu ya zamani ni ya njia moja. Gari la kupanda na gari la kushuka hutumia chuma kile kile. Kwa sababu hiyo njia imekatwa vipande, kutoka stesheni hata stesheni, na sheria kubwa ni hii: katika kipande kimoja, gari moja. Stesheni masta hawezi kulitoa gari mpaka amwulize mwenzake wa mbele kama njia i wazi, na mwenzake ajibu, na jibu liandikwe kitabuni pamoja na saa yake, na dereva apewe ushahidi mkononi, ama tokeni ya chuma ama karatasi yenye sahihi. Bila ushahidi huo dereva haondoki, hata kama ndani ya gari ameketi waziri.

Mwongoza ndege hufanya kazi hiyo hiyo. Hukata anga vipande, na katika kila kipande huweka ndege moja. Tofauti ni kwamba vipande vyake havionekani, tena vinatembea pamoja na ndege. Na iko tofauti nyingine iliyo kubwa zaidi. Gari la moshi likikosa ruhusa husimama kwenye ishara, dereva akawasha sigara yake akangoja. Ndege haisimami. Kubwa moja huenda kama kilomita 900 kwa saa, na hata ukiiambia ingoje, itangoja kwa kuzunguka tu, na mafuta yanapungua. Hapo ndipo penye uzito wote wa kazi hii. Mwenye kuifanya hawezi kusema, "Subirini kwanza nifikiri."

Watu wengi hudhani kwamba waongoza ndege wote hukaa juu ya mnara wenye vioo. Walioko mnarani ni sehemu moja tu. Hao huangalia kiwanja kwa macho yao: ni ndege gani iingie barabarani, ipi irukе, ipi itue, upepo unatoka wapi, gari la mafuta liko wapi, na kama mbwa au ndege wa porini wameingia njiani. Wa pili huketi katika chumba na kupokea ndege zinazokaribia kiwanja, huzipanga foleni na kuzishusha ngazi kwa ngazi. Wa tatu huangalia nchi nzima, ndege zikiwa juu kabisa kati ya mji na mji. Hao huziona kwenye kioo cha rada kama alama ndogo, kila moja na namba yake, na kwa kila ndege wanacho kipande cha habari, cha karatasi au cha mashine, kilichoandikwa itokako, iendako, na urefu wake kutoka baharini.

Chukueni ndege iliyotoka Nairobi kwenda Kigali, ambayo hupita karibu na hapa. Mtu wa mnara huirusha, akamkabidhi mtu wa pili, naye huipandisha akamkabidhi mtu wa tatu. Na ifikapo kwenye mpaka wetu na Tanzania, mpaka huu ambao ninyi mwauvuka kwa miguu kwenda sokoni, mtu wa Kenya humpa taarifa mwenzake wa ng'ambo, yule huipokea, na rubani huambiwa abadili redio azungumze na mwenye anga mpya. Wakati wote huo, tangu iruke mpaka itue, ndege ile haiwi bila mwenyewe. Kuna mtu mmoja ambaye jina lake liko kitabuni kwamba dakika hii ni yake.

Mtoto aliuliza, hazigongani vipi? Jibu la kwanza ni urefu. Ndege kubwa ziendazo upande wa mashariki hupewa maelfu ya futi yaliyo witiri, kama 35,000 au 37,000, na ziendazo magharibi hupewa yaliyo shufwa, kama 34,000 au 36,000. Basi ile iendayo Kigali na ile irudiyo Nairobi zinaweza kupishana juu ya paa la nyumba yako, na kati yao pana futi 1,000. Jibu la pili ni umbali. Zikiwa katika urefu mmoja chini ya rada, mara nyingi haziruhusiwi kukaribiana chini ya maili 5 za baharini, yaani kama kilomita 9. Hiyo yaonekana mbali sana. Lakini hesabuni: ndege mbili zikielekeana, kila moja kilomita 900 kwa saa, zitazimaliza kilomita 9 hizo katika muda wa sekunde 18. Mtu hawezi hata kumaliza kufunga kamba za viatu.

Si kila ndege iliyo juu yetu ina mtu wa mnara wa kuipokea. Zile ndogo ziendazo Maasai Mara hutua katika viwanja vya majani visivyo na mnara, na marubani huambiana wenyewe kwa redio nani yuko wapi. Kama madereva wa matatu kwenye daraja jembamba, ila hawana honi.

Sasa tuje kwenye maneno, maana kazi hii yote ni kazi ya maneno. Seremala ana randa, fundi wa reli ana nyundo, lakini chombo cha mwongoza ndege ni ulimi na sikio. Na lugha ni moja. Mrusi akitua Nairobi, Mhabeshi akitua Mumbai, huzungumza Kiingereza, na sheria za dunia zinataka wapimwe kwamba wanakijua. Tulipokuwa shule ya misheni tulifundishwa habari za mnara wa Babeli, jinsi mafundi walivyochafuliwa ndimi zao na jengo likasimama. Watu wa minara hii ya sasa wameisikia habari hiyo vizuri.

Tena si Kiingereza cha kuongea barazani. Kila neno limechaguliwa. Tarakimu husemwa moja moja. Na jambo kubwa kuliko yote ni kurudia: mwongoza ndege akitoa amri, rubani huirudia neno kwa neno, naye aliyeitoa husikiliza kama imerudi sawa. Ikirudi vibaya, hapo hapo huisahihisha. Amri isiyorudiwa haijafika.

Yako mambo yaliyotukia hapa hapa Kenya yanayoonyesha kwa nini. Tarehe 3 Septemba 1974 ndege kubwa ya British Airways, Boeing 747, ilikuwa ikikaribia kutua Nairobi. Mwongoza ndege aliipa ruhusa kushuka mpaka futi saba tano sifuri sifuri, yaani 7,500. Marubani wakasikia tano sifuri sifuri sifuri, yaani 5,000. Ndugu zangu, kiwanja cha Nairobi chenyewe kiko zaidi ya futi 5,300 kutoka baharini. Waliyoisikia ilikuwa amri ya kuingia ardhini. Nao wakaendelea kushuka katika mawingu, na kosa halikunaswa, mpaka kati ya ndege na ardhi ikabaki futi 70 tu. Hiyo ni chini ya urefu wa mikaratusi mirefu. Ndipo ikainuliwa, na watu wote wakaokoka. Tarakimu moja iliyopotea njiani kutoka mdomo hata sikio.

Tukisema hivi hatuwacheki. Sisi wenyewe, katika stesheni moja tusiyoitaja, tuliwahi kufanya zamu ya usiku juu ya zamu ya mchana kwa sababu mwenzetu aliugua na hakuletwa mwingine. Ilipokuwa kama saa kumi alfajiri tukaandika ruhusa ya njia, tukatia sahihi, tukampa dereva. Namba ya gari tuliyoandika ilikuwa ya gari jingine. Dereva, mzee mmoja asiyependa maneno mengi, akaisogeza karatasi kwenye taa, akaisoma kwa sauti, akatutazama. Akasema tu, "Bwana, hii si yangu." Tukaandika nyingine. Hakuna lililotukia, na hakuna aliyejua. Lakini tangu usiku ule hatujaacha kufikiri kwamba kama mzee yule naye angekuwa amechoka kama sisi, leo tungekuwa tunasema nanyi kutoka mahali pengine, ama tusingesema kabisa.

Na msiba mkubwa kuliko yote katika historia ya ndege ulitoka katika maneno. Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, ndege mbili kubwa aina ya 747, moja ya KLM na moja ya Pan Am, zilikuwa katika barabara moja ya kurukia, na ukungu umefunika. Rubani wa KLM akaanza kukimbia bila kupewa ruhusa ya kuruka. Mnara haukuona kitu, kwa ajili ya ukungu. Wakati ule ule mnara uliposema, na Pan Am nao waliposema kwamba bado wako barabarani, sauti hizo mbili zilikutana redioni zikawa mlio tu. Watu 583 walikufa. Baada ya siku hiyo neno "kuruka" likawekwa kando. Halitajwi redioni isipokuwa wakati ruhusa yenyewe inatolewa au inafutwa. Mahali pengine pote husema "kuondoka". Watu 583 wamo ndani ya kanuni ile moja ndogo.

Sasa twaja kwenye jambo lililotuleta, maana sisi si shule, sisi ni chama.

Mwaka 2002, katika juma moja, yalitukia mambo mawili. Tarehe 24 Juni, kule Igandu karibu na Dodoma, gari la abiria la Tanzania lilishindwa kupanda kilima, breki zikakataa, likarudi nyuma lenyewe kilomita nyingi mpaka likaligonga gari la mizigo. Walikufa zaidi ya watu 280. Sisi wa reli twaijua tarehe hiyo. Na siku saba baadaye, usiku wa tarehe 1 Julai, juu ya mji wa Überlingen katika Ujerumani, ndege ya abiria kutoka Urusi iliyochukua watoto wengi wa shule waendao likizo, iligongana na ndege ya mizigo. Walikufa watu 71.

Anga ile iliongozwa kutoka Uswisi, na usiku ule aliyekuwa kitini alikuwa mtu mmoja. Wa zamu walikuwa wawili, lakini mwenzake alikuwa amekwenda kupumzika, na hilo lilikuwa desturi iliyojulikana na wakubwa nao wakainyamazia. Mafundi walikuwa wakitengeneza mitambo, kwa hiyo kengele ya kumwonya haikufanya kazi kama kawaida. Simu yake ya kuzungumza na vituo vya jirani ilikuwa imekatwa kwa matengenezo. Jirani mmoja wa Ujerumani aliiona hatari kwenye rada yake akapiga simu mara nyingi, haikuingia. Na mtu huyu mmoja alikuwa akiangalia viti viwili, huku anahangaika na ndege nyingine iliyochelewa. Alipogundua, zilibaki sekunde chache. Akamwamuru rubani wa Urusi ashuke. Lakini ndani ya ndege zile mlikuwa na chombo cha kuonya, na chombo kilimwambia Mrusi apande na mwenzake ashuke. Mrusi akamtii mtu, mwenzake akakitii chombo, wote wawili wakashuka pamoja.

Ulimwengu ulimtazama nani? Ulimtazama yule wa kitini. Mwaka 2004 baba mmoja aliyefiwa na mkewe na watoto wake alimfuata nyumbani kwake akamwua. Lakini mahakama ya Uswisi ilitazama mbali zaidi, na mwaka 2007 ikawatia hatiani wasimamizi wanne wa kampuni ile kwa sababu ya mpango wao wa kazi, watatu wakapewa vifungo vilivyoahirishwa na mmoja faini. Twaomba neno hilo mlichukue nyumbani. Mahakama ilisema kwamba karatasi ya zamu nayo inaweza kuua, na aliyeitia sahihi hajaondokewa na hatia kwa sababu tu alikuwa amelala nyumbani kwake.

Sisi twasema mwongoza ndege ana wajibu, tena mzito. Yampasa aje kazini akiwa hajanywa, hajakesha msibani, macho na masikio yamepimwa na daktari. Yampasa aandike kosa lake mwenyewe kabla ya kuulizwa. Ana leseni yake, na leseni hiyo ni ya kiwanja fulani na kiti fulani. Aliyefuzu Nairobi hawezi kuhamia Mombasa leo akaketi kitini kesho. Hayo yote ni haki. Lakini wajibu wa mtu mmoja una mpaka wake, na nje ya mpaka huo umeanza wajibu wa yule aliyepanga watu, aliyenunua mitambo, aliyeikata simu.

Uingereza kanuni yao husema mwongoza ndege asikae kitini zaidi ya saa 2 bila kupumzika nusu saa. Na tangu Novemba 2020 kanuni za shirika la dunia la usafiri wa anga, ICAO, zinazitaka serikali ziwe na sheria juu ya uchovu wa waongoza ndege, saa za zamu na saa za mapumziko. Mtaona ilichukua muda gani. Mkataba wa Chicago ulioanzisha mambo haya ulitiwa sahihi mwaka 1944.

Tena jambo la mtu mmoja kwa viti viwili halijafa. Tarehe 29 Januari 2025, huko Washington, ndege ya abiria na helikopta ya jeshi ziligongana juu ya mto, watu 67 wakafa. Usiku ule mtu mmoja mnarani alikuwa akizungumza na helikopta na ndege pamoja, kazi ambazo kwa kawaida hugawanywa. Hatusemi hiyo ndiyo sababu. Twasema tu kwamba kila tukisoma habari za ajali, tunamkuta huyo mtu mmoja. Na kwetu, tarehe 5 Machi 2024, ndege ya Safarilink iliyokuwa ikienda Diani na watu 44 iligongana na ndege ndogo ya mafunzo juu ya mbuga ya Nairobi, muda mfupi baada ya kuruka kutoka Wilson. Ile kubwa ilirudi salama. Wawili waliokuwa katika ndogo, mwalimu na mwanafunzi wake, walikufa. Kumhukumu mtu si kazi yetu. Tunakumbuka waliokufa.

Ndugu mmoja pale nyuma ametuuliza tulipoingia: kwa nini wasigome? Swali zuri, na jibu lake ni chungu.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, humpa kila mfanya kazi haki ya kugoma. Lakini Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 ina orodha ya huduma za lazima, na kazi ya kuongoza ndege imo katika orodha hiyo, pamoja na maji na hospitali. Walio humo hawaruhusiwi kugoma. Ugomvi wao hupelekwa mahakamani. Hata Shirika la Kazi la Kimataifa, ILO, linakubali kwamba waongoza ndege wanaweza kunyimwa mgomo, kwa sababu ndege zilizo juu haziwezi kuachwa. Lakini shirika hilo hilo linasema kwamba mtu aliyenyimwa mgomo hana budi apewe badala yake, yaani uamuzi wa haraka usiopendelea upande. Twaliona neno hilo kuwa la haki. Mnyang'anye mtu mkuki wake kwa faida ya kijiji, basi kijiji kimlinde. Hapa Kuria mzee akikatazwa kulipiza kisasi kwa ng'ombe wake, hupewa ritongo siku zile zile, haambiwi angoje miaka mitatu.

Wamarekani walijaribu njia nyingine. Chama chao, PATCO, kilimwunga mkono Ronald Reagan katika uchaguzi wa mwaka 1980, wakidhani wamepata rafiki. Wakataka saa 32 za kazi kwa juma, mishahara, na mitambo mizuri. Tarehe 3 Agosti 1981 watu kama 13,000 wakagoma, ingawa sheria iliwakataza. Rais akawapa saa 48. Tarehe 5 Agosti akawafukuza zaidi ya 11,000, na kabla ya mwaka kwisha chama chenyewe kikafutwa. Katazo la kuwaajiri tena lilidumu mpaka mwaka 1993. Wako wazee wa vyama wasemao kwamba vyama vyote vya Marekani vilianza kudhoofika siku ile. Sisi twawasifu kwa ujasiri wao, na twasema walihesabu vibaya. Waliingia vitani kabla ya kuuliza kama watu wa vyama vingine watasimama nao, na hao hawakusimama.

Na hata leo si raha. Serikali ya Marekani ilipofungwa kwa ugomvi wa bajeti kuanzia tarehe 1 Oktoba mpaka 12 Novemba 2025, siku 43, waongoza ndege waliitwa kazini bila mshahara, wengine wakafanya vibarua vya jioni ili watoto wale, kisha asubuhi wakaketi mbele ya rada. Wengi wakashindwa kufika, safari zikapunguzwa. Mwaona basi. Ndilo taifa lenye ndege nyingi kuliko mengine.

Basi tawi hili liwasaidieje watu wasioko hata hapa? Twapendekeza mambo ambayo yanawezekana. Wajumbe wetu wakienda katika mkutano mkuu, waombe kwamba vyama vya usafiri vyote, reli, bandari, barabara na anga, viandike barua moja juu ya saa za zamu, maana uchovu wa dereva wa lori la Isebania ni uchovu ule ule wa mtu wa rada. Waombe kwamba mfanya kazi aliyeandika kosa lake mwenyewe, ambalo halikumdhuru mtu, asiadhibiwe kwa kuliandika. Bila hivyo hakuna atakayeandika, na kosa litamngoja mwingine. Na waulize mashauri ya wafanya kazi wa huduma za lazima hukaa mahakamani muda gani. Waulize kwa maandishi, ili wajibiwe kwa maandishi.

Mwenyekiti anatuonyesha saa yake. Lakini yule mtoto yuko pale na mama yake, hatuwezi kuondoka bila kumjibu. Binti, umesikia nani azigawiaye njia. Mama amenong'ona kwamba wewe wataka kuifanya kazi hiyo. Usikiache Kiingereza wala hesabu, na umalize shule ya sekondari kwanza, usimsikilize mtu atakayekuambia uolewe mapema. Leseni haitolewi kwa aliye chini ya miaka 21, kwa hiyo muda unao. Wanawake wako katika minara. Shule iko Embakasi, na Katibu atawaandikia barua kuuliza habari za nafasi na karo, ameahidi mbele ya watu wote hawa, nasi tutamwuliza tukija likizo ijayo.

Twaomba radhi kwa kuwa tumewachosha. Matatu ya Kehancha inatungoja, na kesho usiku tuna zamu.